Magongo si aibu, kijana. Toka nje!

Changamwe kuna mtaa unaoitwa Magongo. Kutwa nzima makanga wanaliita jina hilo kwa sauti ya juu, "Magongo! Magongo!", na hakuna abiria anayeona haya kulitamka anapotaka kushuka. Lakini mpe kijana wa mtaa huohuo magongo ya kutembelea baada ya kuvunjika mguu, uone. Atayaegemeza nyuma ya mlango. Atayatumia usiku tu, kwenda chooni. Harusi ya binamu yake haendi. Mechi ya mtaa haendi. Kazi aliyokuwa akifanya ameiacha, na ukiuliza kulikoni unaambiwa, "Anangoja apone kwanza."

Mimi nasema asingoje. Natembelea magongo mwaka wa nne sasa, hapa Likoni, na nimewaona vijana wenzangu wakingoja mpaka ndevu zikaota. Kuna mguu unaopona na kuna usiopona. Kwa vyovyote vile, maisha hayakai stejini yakikusubiri.

Pengine wewe unayesoma huna shida ya kutembea na umeshaanza kutafuta habari za mpira. Subiri kidogo. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na hawakuwa wakitania. Bodaboda moja ikiteleza usiku inatosha. Kuna wanaopata kiharusi kabla ya miaka 40. Kuna ugonjwa wa selimundu, ambao sisi wa Pwani tunaujua vizuri, na ambao unaweza kumharibia mtu nyonga akiwa bado shuleni. Kuna waliougua polio utotoni na sasa ni wazazi wetu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya laki tisa wa miaka mitano na zaidi wenye ulemavu, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wenye shida ya kutembea, karibu watu 385,000. Hao wote si wageni. Wanaishi Mtongwe, Mishomoroni, Chaani, nyumba ya tatu kutoka kwako. Kama huwaoni nje, jiulize wako wapi.

Tuanze na hii aibu yenyewe. Hivi umewahi kumwona mtu akificha miwani nyuma ya mlango akisema anangoja macho yapone kwanza? Miwani ni kifaa cha kumsaidia mtu kufanya jambo ambalo mwili wake hauwezi vizuri. Magongo ni hivyohivyo. Bakora ni hivyohivyo, na kiti cha magurudumu pia. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022 na kusema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha namna hiyo, miwani na vifaa vya masikio vikiwemo. Mvaa miwani tunamwita msomi. Mwenye magongo tunamwita maskini ya Mungu. Tofauti iko wapi, kama si vichwani mwetu?

Na lugha yetu nayo ina lake. Sikiliza majina ya zamani: kiwete, kipofu, kiziwi. Yote yameanza na ki-, kama kiti na kikombe. Tulijitahidi tukaja na mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, na hapo angalau mtu ametangulia. Lakini bado lipo neno moja linalotumika kwenye mikutano, kwenye harambee na hata redioni, tena na watu wenye nia njema: "wasiojiweza." Bwana, nani kakwambia hawajiwezi? Mwanamke anayesukuma kiti chake mwenyewe kutoka Barsheba hadi Kongowea kuuza mboga, halafu akarudi kuwapikia watoto, huyo hajiwezi? Kama huyo hajiwezi, basi sisi tunaoita tuktuk kwa safari ya mita mia tatu tuitweje?

Sasa wewe uliye na magongo nyuma ya mlango, nisikilize. Sababu moja inayowafanya wengi wayachukie ni kwamba wamepewa yasiyowafaa. Kuna anayerithi ya marehemu babu yake, marefu kuliko yeye. Kuna anayepewa kiti cha magurudumu kwenye hafla, kamera zinamulika, makofi yanapigwa, halafu akifika nyumbani anagundua kiti ni kipana kiasi kwamba hakipiti mlangoni. Kifaa kisichokutosha ni kama kiatu kisicho saizi yako. Kitakuumiza, na utakitupa.

Kwa hiyo jua haya machache. Magongo ya kwapani hayatakiwi kugusa kwapa. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na juu ya gongo, na uzito wako uubebe kwa mikono. Ukining'inia kwa makwapa unabana mishipa ya fahamu na mikono inaanza kufa ganzi. Mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia, ili kiwiko kikunjike kidogo tu. Kama unatumia bakora moja, ishike upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbovu. Watu wengi wanafanya kinyume. Ukipanda ngazi, mguu mzima utangulie. Ukishuka, magongo na mguu mbovu vitangulie.

Halafu kuna ile mipira ya chini. Ikiisha, ibadilishe. Hapa kwetu kuna mchanga na mawe ya matumbawe, na mpira uliolika ukikutana na sakafu yenye maji, utaanguka kama embe. Hewa ya bahari nayo inakula chuma, kwa hiyo nati na skrubu zipanguse na uzitie mafuta. Kiti cha magurudumu usikiogope kikiharibika. Fundi wa baiskeli wa mtaani anaziba pancha za gurudumu lake, na fundi wa kuchomelea anaunga fremu iliyokatika. Ukiwa na uchaguzi, tafuta chenye magurudumu mapana ya mbele, maana yale madogo ya kwenye viti vya hospitali yametengenezwa kwa sakafu ya vigae, si kwa mchanga wa Shika Adabu. Na ukikaa humo siku nzima, tafuta mto mzuri wa kukalia, ujiinue kidogo kila baada ya muda mfupi, la sivyo utapata vidonda ambavyo vitakulaza miezi.

Unapata wapi? Kabla hujangoja hafla ya mwanasiasa, anza na hospitali ya serikali ufanyiwe tathmini, kisha ujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Usajili huo ndio unaokufungulia mlango wa kuomba kifaa, na ukiwa na kipato cha kutozwa kodi, wa kuomba msamaha wa kodi. Pale Port Reitz kuna tawi la APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoanza mwaka 1958, ambacho kazi yake ni mambo haya haya ya viungo, vifaa na mazoezi. Uliza mtu wa mazoezi ya viungo akupime. Ni haki yako kupimwa, kama fundi nguo anavyokupima kabla ya kukata kitambaa.

Haya, umepata kifaa kinachokutosha. Umevaa, umejipulizia marashi, umetoka. Hapo ndipo unapokutana na Mombasa yenyewe.

Feri ya Likoni inavusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku, na mwenda kwa miguu halipi hata shilingi. Hilo ni jambo zuri na tulisifu. Lakini wewe unayevuka kila asubuhi unajua kinachotokea geti likifunguliwa. Ni mbio. Mikoba, mikokoteni, wanafunzi, akina mama na ndoo za samaki, wote wanakimbilia mteremko mmoja. Siku za bamvua maji yakipwa sana, mteremko ule unakuwa mkali, na chuma kikilowa kinateleza. Mtu mwenye magongo anasimama pembeni, anaacha feri ya kwanza ipite, ya pili ipite, halafu bosi wake anamwuliza kwa nini amechelewa kazini. Yule wa kiti cha magurudumu ndiye mwenye kazi zaidi, maana kwenye kushuka anahitaji mtu wa kumzuia kwa nyuma, na kwenye kupanda anahitaji mtu wa kumsukuma.

Sisi wa Likoni tuna sababu ya kuheshimu utaratibu kwenye feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Kuna nyumba hapa ambazo hadi leo tarehe hiyo ni ya dua. Kwa hiyo ninaposema geti likifunguliwa wazee, wajawazito na wenye magongo watangulie, sidhani kama naomba hisani. Naomba dakika mbili za utaratibu ambazo zinamlinda kila mtu, pamoja na yule kijana anayekimbia.

Matatu ndiyo kisa kingine. Ile ngazi ya kwanza ya matatu ya abiria 14 iko juu kwa mtu mwenye goti lisilokunja. Makanga akikuona na magongo anaangalia saa. Kuna dereva anayepunguza mwendo, akikuona vizuri anaongeza. Na wenzangu wa viti vya magurudumu wanaambiwa kiti kikunjwe, kiwekwe nyuma, na kilipiwe nauli kama gunia la viazi. Ndiyo maana wengi wetu tunapenda tuktuk. Iko chini, unaingia kwa kukaa kwanza kisha unavuta miguu, na kiti kilichokunjwa kinaingia. Lakini tuktuk ya peke yako si bei ya matatu. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, kutembea kwa shida kunakuwa ghali kuliko kutembea kwa raha. Kijana anaacha kazi si kwa sababu haiwezi, bali kwa sababu nauli inakula mshahara.

Na usiku? Mitaro ya Kisauni isiyo na vifuniko unaijua. Mvua za masika zikinyesha, barabara na mtaro vinakuwa kitu kimoja, na hata mwenye macho mawili na miguu miwili anapima kwa fimbo kabla hajakanyaga.

Utaniambia, "Lakini sheria ipo." Ipo, tena si moja. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuweza kufika mahali popote na kutumia usafiri wa umma. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilishagusa majengo ya umma na magari ya abiria, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mwaka 2025 nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Karatasi tunazo. Tusichokuwa nacho ni watu wa kutosha wanaofika kwenye kikao kuuliza, "Hii mtaitekeleza lini?" Na watu hao hawawezi kufika kwa sababu kikao chenyewe kiko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Unaona mduara huo?

Ndiyo maana nasema kutoka nje ni jambo kubwa kuliko kupunga upepo. Ukikaa ndani, mhandisi wa kaunti hakuoni, mwenye duka hakuoni, imamu na mchungaji hawakuoni. Wasiokuona hawakujengei. Ngazi za msikiti zinabaki vilevile kwa sababu "hatuna mtu wa aina hiyo hapa." Unaye, ila yuko chumbani.

Nisije nikaonekana nauza ndoto, angalia waliotangulia. Bombolulu, pale barabara ya Malindi, kuna karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 ambako watu wenye ulemavu wa viungo wanatengeneza vipuli na shanga, wanachonga, wanashona nguo na bidhaa za ngozi, na watalii wanazinunua. Hiyo si hadithi ya ng'ambo, ni matatu moja kutoka Kisauni. Nenda Busia, mpakani na Uganda, utawakuta watu wa baiskeli za magurudumu matatu za kukanyaga kwa mikono wakivusha bidhaa kutwa. Kile kiti ambacho sisi tunakionea huruma, wao wamekifanya gari la mizigo. Kule Kongo nako, kwenye feri kati ya Kinshasa na Brazzaville, kwa miaka mingi watu wenye ulemavu walipunguziwa nauli, wakaitumia nafasi hiyo kuwa wafanyabiashara wanaotegemewa, wakaunda vyama vyao vya kujitetea. Mto ule na mlango bahari wetu wa Kilindini vinafanana kwa jambo moja: anayeweza kuvuka ndiye anayeweza kula.

Na bungeni? Timothy Wanyonyi alichaguliwa mbunge wa Westlands mwaka 2013 akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wapiga kura hawakumchagua kwa huruma. Walitaka mtu wa kuwasemea.

Lakini nikubali jambo moja ambalo wenzangu wengine hawapendi kulisema. Si kila mtu ataweza kufanya kila kitu peke yake, na kujitegemea hakuna maana ya kukataa mkono. Kuna siku mwili unagoma. Kuna ulemavu ambao unataka mtu wa kusaidia kila siku. Kujitegemea, kwangu mimi, ni wewe kuamua: niende wapi, na nani, saa ngapi, nisaidiwe vipi. Mama anayekukataza kutoka anakupenda, hilo halina ubishi. Anaogopa utaanguka, utachekwa, utaibiwa simu. Mwambie kwa heshima, "Mama, nitaanguka na nitainuka, lakini humu ndani nitaoza." Kisha mwombe akusindikize mara ya kwanza tu. Mara ya pili mwambie umpigie ukifika. Mara ya tatu atakutuma sukari dukani, na hapo ujue umeshinda.

Wewe usiye na magongo, zamu yako sasa. Sikuombi mchango. Nakuomba mambo ambayo hayana gharama kubwa.

Kwanza, uliza kabla ya kushika. "Nikusaidie?" Mtu akisema hapana, ni hapana, usinune. Akisema ndiyo, uliza ushike wapi. Ukimvuta mwenye magongo kwa mkono unamwangusha, maana mkono huo ndio mguu wake. Na kiti cha mtu si mkokoteni, hukisukumi kwa sababu tu kimekuzibia njia.

Pili, ongea na yeye. Si na anayemsindikiza. "Huyu anakunywa chai ya maziwa?" Mwulize mwenyewe, ana mdomo.

Tatu, kama una duka, kinyozi, kibanda cha M-Pesa au ukumbi, tazama mlango wako. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Hiyo ni saruji kidogo na fundi mwashi wa nusu siku. Utapata mteja mwenye kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto kwenye kigari, na mzee wa bakora, wote kwa mkupuo mmoja.

Nne, makanga, kaka yangu, sekunde thelathini hazitakufilisi. Mwachie kiti cha mbele, mshikie magongo yake akipanda, na usimtoze nauli ya miguu yake.

Tano, kikundi chenu cha vijana kinapopanga mkutano, kaeni chini, pasipo na ngazi. Na msimwalike mwenzenu mwenye ulemavu aje kupiga picha tu. Mpeni kazi. Awe mweka hazina, awe katibu. Serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi chenye wote watatu kina kila sababu ya kukaa pamoja.

Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti kwenye wadi zetu, huwa tunakwenda wachache, na tunaokwenda tunaomba taa na maji. Safari hii twende na jambo moja lenye vipimo: mtaro gani ufunikwe, zahanati gani iwekewe mteremko, steji gani isawazishwe. Tutaje mtaa kwa jina. Ombi la jumla linapata jibu la jumla. Agosti 2027 tutapiga kura tena, na watakaokuja kutuomba kura wataingia mpaka vichochoroni. Muulize kila mmoja kama ofisi yake inafikika kwa kiti cha magurudumu. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Na wewe uliyeyaficha magongo nyuma ya mlango, usianze na feri wala na mkutano. Anza na kesho. Kagua mipira ya chini, pima urefu, toka hadi dukani, nunua unachotaka, rudi. Watakaokutazama watatazama siku ya kwanza. Siku ya nne watakuuliza kama umeona matokeo ya mechi ya jana.